Chanjo ya uti wa mgongo kabla ya Hija: vijidudu huvukaje hadi kwenye ubongo?

(Maelezo ya afisa wa afya ya umma kwa wanaojiandaa kwa Hija na Umra, pamoja na jamaa zao, Lamu)

 

Tunaulizwa kila mara: mbona nichomwe sindano, na mimi ni mzima? Jibu liko kooni. Takriban mtu 1 kati ya 10 hubeba bakteria wa meningokoka kooni bila kuumwa, na huwaambukiza wengine kwa mate, chafya na kikohozi. Mwaka 1987 ugonjwa ulizuka Makka wakati wa Hija. Mwaka 2000 ukazuka tena kwa aina nyingine, W135, na mahujaji wakarudi nao makwao. Ndiyo maana Saudia hutaka cheti cha chanjo ya aina 4, yaani A, C, W na Y, iliyochomwa angalau siku 10 kabla ya kufika. Mwili huhitaji siku hizo kutengeneza kinga.

Wengi wanaobeba kijidudu hiki hawaugui. Hatari huanza kinapoingia kwenye damu, kikiwa na ganda la sukari linalokikinga na askari wa mwili. Hapo ubongo bado una ulinzi wake. Seli za kuta za mishipa yake midogo zimeshikana barabara, kama mawe ya nyumba zetu za zamani yalivyoshikwa kwa chokaa. Meningokoka hujishika ukutani kwa nyuzi nyembamba, huzaana pale pale, kisha huzilegeza seli mpaka mwanya utokee. Nimokoka, kijidudu kingine cha ugonjwa huu, huweza kupita ndani ya seli zenyewe. Vikishavuka, hukuta majimaji ya ubongo na uti wa mgongo yenye askari wachache mno. Huzaana upesi, utando wa ubongo huvimba, na shinikizo kichwani hupanda.

Dalili ni homa ya ghafla, kichwa kuuma sana, shingo kukakamaa, kutapika, kuchukia mwangaza, kuchanganyikiwa au degedege. Mtoto mchanga hukataa ziwa, hulegea, na utosi huweza kuvimba. Usingoje dalili zote zitimie.

Ukuta huo huo huzuia dawa nyingi. Vidonge vya dukani havitoshi. Mgonjwa huhitaji dawa ya sindano haraka. Takriban mgonjwa 1 kati ya 6 hufariki, na wengine hubaki viziwi au na ulemavu. Kwa hivyo aliye Faza, Kizingitini au Kiunga asikae nyumbani kungoja boti ya asubuhi. Apelekwe usiku huo huo kwenye kituo cha afya kilicho karibu, aanzishiwe matibabu na kupangiwa rufaa. Walioishi naye nyumba moja nao waulize kuhusu dawa ya kinga.

Watoto wapelekwe kliniki wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Chanjo zao huwakinga na Hib na nimokoka, vijidudu viwili vinavyoleta ugonjwa huu.

Msafiri, chomwa mapema na uhifadhi cheti pamoja na pasipoti. Mwenyezi Mungu awajaalie Hija yenye kukubaliwa.