Mwalimu Asiwe Ndiye Mpimaji
(Maneno ya Katibu mbele ya Wajumbe wa Mkutano Mkuu, katika sherehe za kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu)



Wenzetu waliotutangulia jukwaani wamekwisha kunena habari za kilo, za bei na za malipo ya pili, nao wamenena vyema. Sisi tumeombwa tuseme juu ya jambo ambalo katika makadirio ya mwaka limeandikwa kwa mstari mmoja tu, nao wasema: Kuwapeleka vijana wa umeme kupimwa. Tumesikia kwamba baadhi ya wajumbe wauliza kwa nini fedha za kahawa zilipie watu wa nje waje kutuambia habari za vijana wetu, ambao sisi wenyewe tumewafundisha. Swali hilo ni la haki, nasi hatuna budi kulijibu bila kuficha kitu.

Mnakumbuka jinsi mitambo yetu ya kumenya kahawa ilivyoendeshwa kwa injini za dizeli, na jinsi dizeli ilivyokuwa ikitumaliza. Nguzo za umeme zilipofika vijijini tuliziondoa injini zile, tukafunga mota. Lakini mota ikiharibika katikati ya msimu, fundi wa kutoka mjini hudai nauli, posho na malazi, na kahawa iliyokwisha kuchumwa haimsubiri mtu. Isipomenywa kwa wakati huvunda. Kwa hiyo Halmashauri ilikata shauri, tena kwa busara, kuwafundisha watoto wetu wenyewe. Aliajiriwa fundi mmoja mtu mzima, mwenye mikono mizuri na subira nyingi, akapewa wanagenzi wanne. Baada ya miaka miwili fundi aliandika katika daftari kwamba wote wanne wamefuzu, Meneja akatia sahihi, na muhuri ukapigwa. Muhuri ule tuliupiga sisi.

Masika ya pili baada ya hapo, mama mmoja mwanachama alikuwa akisaidia kuosha kahawa, miguu yake imo majini. Aliushika mwili wa mashine ili asiteleze, naye akatupwa chini. Mwenyezi Mungu alimnusuru, kwa kuwa aliyekuwa karibu alizima swichi kabla ya kumgusa. Mama huyo yumo humu ukumbini, naye ameturuhusu tuyaseme haya. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikunjiki hata leo.

Boksi la swichi lilipofunguliwa ilionekana kwamba waya wa kupeleka umeme ardhini, ule ambao mafundi huuita athi, ulikuwa umekazwa vizuri upande wa mashine; lakini upande wa pili, ndani ya boksi, ulikuwa umekunjwa ukasukumwa pembeni, haukufungwa popote. Mota ilifanya kazi hivyo kwa zaidi ya mwaka mzima. Iliwaka asubuhi, ikazimwa jioni, na hapana mtu aliyeona kasoro yo yote.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya kazi hii na kazi nyingine za mikono. Seremala akikosea, mlango hukwama siku ile ile. Mwashi akikosea, ukuta huinama na kila mpita njia huuona. Fundi wa umeme akikosea, taa huwaka! Kazi mbaya na kazi njema zafanana kwa macho, nazo hutengana siku ganda la waya linapochubuka au maji yanapoingia. Tena umeme unaoweza kumwua mtu ni mdogo sana. Taa ya zamani ya wati 60 hutumia miliampea 260 hivi katika volti 230. Miliampea 50 tu zikipita katika kifua zaweza kuusimamisha moyo. Ndiyo sababu swichi za usalama za siku hizi hutengenezwa zikate umeme unapovuja kiasi cha miliampea 30.

Je, kijana yule alikuwa mvivu? Sivyo. Tulipomhoji tuligundua kwamba kwa miaka miwili hakuwahi kukishika kipimo peke yake. Kila mara mwalimu alikuwa kando yake. Yeye alikaza skrubu, mwalimu akapima. Kijana alipotaka kukosea, mwalimu alikohoa. Mwalimu mwema hufanya hivyo, nasi hatumlaumu. Lakini mtu aliyezoea kukohoa hawezi kujua kama mwanafunzi wake ameelewa, au ameelewa kikohozi tu.

Enyi wanachama, sisi wa ushirika twapaswa kulifahamu jambo hili kuliko watu wengine. Mizani ya ghalani haithibitishwi na karani anayepimia, bali na Wakala wa Vipimo (na tunazijua kelele zinazotokea kila msimu muhuri unapochelewa). Hesabu za Chama hazikaguliwi na mweka hazina, ijapokuwa ni mtu mwaminifu. Hukaguliwa na COASCO au mkaguzi mwingine wa nje. Wala hatumwiti mweka hazina mwizi kwa sababu hiyo. Basi kwa nini kijana anayeshika roho za watu apimwe na mwalimu wake na mwajiri wake, ambao wote wawili wana haja ya kusikia kwamba amefuzu?

Uingereza, tangu miaka ya 1980, mwanagenzi wa umeme hufanya mtihani wa vitendo ujulikanao kwa jina la AM2 kabla ya kuhesabiwa kuwa fundi kamili. Mtihani huo huchukua siku mbili na zaidi, na mpimaji ni mtu asiyehusika na mafunzo yake. Kijana huachwa peke yake mbele ya ukuta mtupu na michoro. Hufunga mabomba, nyaya, soketi na mota, kisha hupima kazi yake mwenyewe na kuandika alivyoona. Huonyesha jinsi ya kuzima umeme kwa usalama. Baadaye hupewa saketi iliyotiwa kasoro kwa makusudi, waya uliokatika mahali pasipoonekana au nyaya zilizobadilishana, naye huambiwa azitafute. Hapana wa kumkoholea.

Hapa kwetu mlango uko wazi pia. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, huwapima hata vijana waliojifunzia kazini bila kukaa darasani, na EWURA hutoa leseni za mafundi wa umeme kwa madaraja, ili ijulikane nani aruhusiwe kufanya kazi ipi. Baada ya ajali tuliwapeleka vijana wote wanne kupimwa.

Wawili walifaulu, wawili walishindwa. Mmoja wa walioshindwa ni mtoto wa mjumbe wa Halmashauri, na maneno yaliyosemwa juma lile hatutayarudia mbele ya wageni. Fundi wetu naye alifika ofisini hakuketi. Alisema, “Katibu, mmenivua nguo mbele ya wanafunzi wangu.” Tulimpa karatasi ya matokeo, tukanyamaza.

Alisoma kwa muda mrefu. Vijana wote wawili walikuwa wameshindwa mahali pamoja. Walizima umeme, wakagusa waya kwa testa, testa haikuwaka, wakaanza kazi. Lakini testa mbovu nayo haiwaki. Yapasa kwanza uijaribu penye umeme unaoujua, kisha upime waya unaotaka kuushika, kisha urudi kuijaribu tena penye umeme, upate yakini kwamba haikufa mkononi mwako katikati ya kazi. Fundi aliikunja karatasi akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye mwenyewe hakufundishwa hivyo, na kwamba kwa miaka ishirini na mitatu amekuwa akijaribu mara moja tu. Basi mpimaji wa nje hakuwapima vijana peke yao. Siku hizi fundi hujaribu mara tatu, na vijana humhesabia kwa vidole. Wale wawili walirudi kupimwa baada ya miezi minne, wakafaulu.

Mjumbe mmoja alisema kijana akishapata cheti atatukimbia aende mjini. Ni kweli, mmoja amekwisha kwenda, nasi tulimwandikia barua njema ya kumtambulisha. Hatukuona kwamba ni haki kumzuia mtoto wa mkulima kwa kumnyima karatasi aliyoistahili. Waliosalia watatu wanatosha kwa msimu huu.

Sasa wako wanagenzi wapya watatu, na fungu linaloombwa katika makadirio ni kwa ajili yao: ada, nauli na chakula cha siku za mtihani. Mpaka wapimwe, hapana hata mmoja wao atakayefungua boksi la swichi bila fundi kuwapo. Jambo la mwisho lawahusu ninyi nyote mfikao mitamboni. Mkiona kufuli jekundu limefungwa juu ya swichi, msilivunje, wala msimwombe karani ufunguo, hata kama foleni ya kahawa imefika barabarani. Karani hana ufunguo. Umo mfukoni mwa kijana aliyeingiza mikono yake ndani ya mashine.