Mzee Shirima na Ndege ya Viti Vitano
(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Bangale)

  Mlioacha mifugo kisimani, tutajitahidi tusiwacheleweshe.

Kikundi kimoja kiliniuliza swali ambalo sikutaka kulijibu harakaharaka. Kuna tajiri wa mjini anataka kuwaongezea pesa wanunue pikapu ya kubeba maziwa, naye awe mwenzao katika biashara. Je, wakubali? Leo nitawapa habari za mtu aliyekutana na swali kama hilo, ila lake lilikuwa la ndege.

Ni marehemu mzee Michael Shirima wa Tanzania, aliyefariki Juni 2023. Alifanya kazi East African Airways, lile shirika la nchi zetu tatu. Mwaka 1977 likavunjika. Sisi tukaanza Kenya Airways, wenzetu wakaanza Air Tanzania, naye akaenda huko. Mwaka 1979 akaacha mshahara akaingia biashara, ya kahawa ikiwemo. Nafikiri kuna waliomcheka!

Mwaka 1991 akaanzisha kampuni yake, Precision Air. Ilianza kuruka 1993 na ndege moja ya viti 5, ikichukua watalii Arusha kuwapeleka Serengeti, Ngorongoro na Zanzibar. Kidogo kidogo ikawa inabeba Watanzania wenyewe mji hata mji.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwaka 2003 Kenya Airways ikanunua hisa 49 katika kila 100, kwa dola milioni 2. Mzee akabaki na 51. Kwa nini hakugawa nusu kwa nusu? Kwa sababu mwenye 51 ndiye mwenye neno la mwisho. Alipokea pesa za mkubwa kuliko yeye, na usukani ukabaki mkononi mwake.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2006 waliagiza ndege 7 mpya za ATR, na ndege hazinunuliwi kwa mchango wa merigo. Pesa zaidi zikahitajika, na mwaka 2011 wakauza hisa mpya kwa watu wote katika soko la Dar es Salaam. Baada ya hapo mzee alikuwa na karibu 43 katika 100, na Kenya Airways karibu 41.

Mtauliza, aliuza zake? La. Hesabuni kwa mbuzi. Zizi lina mbuzi 100, wako ni 51. Wakiingizwa mbuzi 19 wa watu wengine, wako ni walewale 51, hakuna aliyekufa wala kuibiwa. Lakini zizi sasa lina 119, na wewe huna nusu tena. Wageni wote wakishikana mikono, watakushinda kwa kura. Hapo ndipo vikundi vingi huumia, maana wanaangalia mlango wa kutoka tu, huku hisa zao zinapungua kwa mlango wa kuingia.

Hata hivyo simlaumu mzee. Kampuni ilihitaji mtaji, na miaka iliyofuata ikapata hasara kubwa. Huenda bila pesa zile ingelala mapema. Alijua anatoa nini na anapata nini.

Basi kwa yule tajiri, mimi sisemi mkatae. Semeni naye kabla pesa hazijaingia benki. Pikapu itaandikwa kwa jina la nani? Nani watatia sahihi za kutoa pesa? Pikapu ikiharibika na pesa zaidi zikitakiwa, nani ana haki ya kwanza kuongeza hisa? Hiyo ya mwisho iandikwe kwa kalamu: wanachama waulizwe kwanza, tena wapewe muda, maana wakati wa ukame hakuna anayeuza ng'ombe kwa bei ya maana.

Makatibu, fungueni madaftari. Kila kikundi kiandike kina hisa ngapi leo na za nani, halafu tuzisome hapa kwa sauti. Tuanze na akina mama wa maziwa.