Waliobaki na Kazi



Mtume Paulo aliwaonya Wagalatia juu ya kuchoka katika wema. Huku Upareni onyo hilo lilipimwa mwaka 1920, Waingereza walipowaondoa wamishonari Wajerumani wa Leipzig, waliofungua kituo cha Shigatini mwaka 1900. Wenyeji waliobaki na kazi hawakuwa wachungaji waliobarikiwa, bali walimu tu. Sisi huvunjika moyo harambee moja isipofaulu. Wao walifundisha watoto na kuombea wagonjwa pasipo kujua kama msaada ungerudi. Wamishonari walipoanza kurejea katikati ya miaka ya 1920, walikuta sharika zingali hai. Mwaka 1975 ikazaliwa Dayosisi ya Pare, makao yake Same.