Arusi Kubwa ya Ngazija
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama)



Mmetutaka tuseme juu ya desturi za arusi tulizoziona ugenini. Nchi tulizopita ni kadha wa kadha, lakini tumeona afadhali tushike moja tu, kwa kuwa mambo yake yanatugusa sisi tulao mshahara wa mwezi kuliko mengine yote. Nchi hiyo ni Ngazija, kisiwa kikubwa katika visiwa vya Komoro.

Wangazija si watu wageni kwetu. Unguja walikuwako wengi, na katika kazi za serikali ya huko kabla ya mwaka 1964 walimu na makarani wa Kingazija walijulikana sana. Lugha yao nayo ni ndugu ya Kiswahili. Sisi twasema ndoa, wao husema ndola. Basi msafiri hudhani ya kuwa desturi pia ni zile zile. Sivyo.

Huko mtu huweza kuoa mara mbili, hata kama mke ni yule yule. Kwanza huwa arusi ndogo: mahari, mashahidi na dua, ikaisha. Kwa sheria ya dini hiyo yatosha kabisa, na watoto ni halali. Baadaye, pengine baada ya miaka mingi, huja arusi kubwa, nayo huitwa anda, yaani ada. Mwanamume asiyeitimiza, hata akiwa na mvi na shahada za chuo kikuu, katika mji wake huhesabiwa kijana. Katikati ya mji kuna uwanja uitwao bangwe, ambapo wakubwa hukaa wakakata mashauri. Aliyetimiza ada ana mahali pake pa heshima, na kitambaa chake kiitwacho mharuma kimelala begani. Asiyetimiza huketi nyuma, na neno lake halina uzito.

Tulijuana na bwana mmoja, mkubwa wa afisi huko Moroni, mwenye makarani wengi chini yake. Siku ya karamu mjini kwao tulimwona akichukua sinia na kumwandikia chakula tarishi wake mwenyewe, kwa kuwa tarishi amekwisha kufanya anda na yeye bado. Afisini bwana humwita tarishi kwa kengele. Mjini tarishi humtuma bwana. Wote wawili hawakuona ajabu yo yote. Sisi tulioandamana tuliona haya kucheka, na tulifanya vema.

Sherehe zenyewe huchukua siku nyingi. Kuna majlisi ya kusoma, kuna twarabu, na kuna zifafa, ndiyo maandamano ya kumpeleka bwana arusi, naye amevaa joho lililotariziwa nyuzi za dhahabu. Lakini twapenda mwangalie nyumba anayopelekwa. Nyumba ile si yake. Ni ya mke. Wazazi na wajomba huanza kuijenga binti angali mtoto, chumba kwa chumba kadiri fedha inavyopatikana, hata mgeni akiona kuta zisizo na dari na vyuma vimechomoza juu hudhani ni magofu. Na kuna ardhi ziitwazo manyahuli, zipitazo upande wa mama tu. Kwa hiyo ndoa ikivunjika, achukuaye sanduku lake na kutoka ni mwanamume. Mabwana, sisi tunaojua jinsi wajane wa wenzetu wanavyotolewa majumbani kabla ya arobaini kwisha, tusiite jambo hili ushenzi.

Gharama, walakini, ni kubwa mno. Kuna dhahabu ya bibi arusi, ng'ombe, magunia ya mchele, na fedha za kugawiwa wakubwa wa mji, kila mtu kwa daraja yake. Yote huandikwa daftarini, maana kila kilichotolewa ni deni litakalorudishwa siku ya arusi ya mtoaji. (Kama hesabu za afisi zetu zingeandikwa kwa uangalifu ule, wakaguzi wasingekuwa na kazi.) Fedha nyingi hutoka kwa ndugu wafanyao kazi Ufaransa, hasa Marseille, nao hurudi Julai na Agosti, ndiyo miezi ya arusi.

Amepata kutokea mtawala aliyetaka kuikomesha. Ali Soilih aliipindua serikali mwezi wa Agosti 1975, na alipotawala akaipiga marufuku arusi kubwa kuwa ni upotevu wa mali. Lakini hakukoma hapo. Mwaka 1977 watumishi wengi wa serikali waliachishwa kazi, na majalada ya serikali yakachomwa moto. Alipopinduliwa Mei 1978 arusi kubwa zilirudi. Majalada hayakurudi.

Twalisema hili kwa sababu katika chama chetu lipo shauri la kukataza mikopo ya arusi. Sisi nasi tuna kamati zetu na kadi zetu za michango, na wako wanachama wanaokatwa mshahara miaka miwili kwa ajili ya karamu ya usiku mmoja. Kwa maoni yetu mkopo uwekewe kiasi, usikatazwe. Aliyekatazwa na chama huenda kwa mkopeshaji wa mtaani, ambaye riba yake mwaijua.

Yule bwana wa Moroni tulimwuliza kwa nini asiache. Alisema mji wake wataka kujenga skuli, na yeye ndiye ajuaye hesabu na kanuni za serikali, lakini bangweni hawezi kusema. Ng'ombe wawili amekwisha kununua.