Rangi Haitoshi: Kutofautisha Spishi za Buibui Warukaji wa Arusha na Mlima Meru

Mada kwa walimu wa baiolojia, waongoza watalii na watafiti chipukizi

1. Utangulizi



Buibui warukaji tunawaona kila siku. Ni wale wadogo wa ukutani na majanini, wasiotega utando, ambao ukiwasogelea hukugeukia, wakakukazia macho mawili makubwa ya mbele, kisha wakaruka. Familia yao, Salticidae, ndiyo kubwa kuliko zote za buibui. Ina spishi zaidi ya 6,000 zilizokwishapewa majina, na nyingine zinaongezwa kila mwaka. Aprili 2022, orodha ya buibui wa dunia inayotunzwa na Makumbusho ya Historia ya Asili ya Bern, Uswisi, ilifikisha spishi 50,000, na aliyetimiza idadi hiyo alikuwa mrukaji wa Amerika Kusini, Guriurius minuano.

Kumjua kuwa ni mrukaji ni kazi ya dakika moja. Kazi ngumu ni kumtenga na ndugu zake. Hoja ya mada hii ni kwamba spishi ya mrukaji haitajwi kwa rangi. Inatajwa baada ya kuona via vya uzazi vya buibui aliyekomaa. Pale ambapo hilo haliwezekani, tuishie kwenye jenasi.

2. Walioandika kuhusu warukaji wa Meru

Eneo letu limefanyiwa kazi mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1873 Mjerumani Adolf Gerstaecker alichapisha maelezo ya wadudu na buibui waliokusanywa katika safari za Baron von der Decken Afrika Mashariki. Mmoja wao ni mrukaji tunayemwita leo Thyene inflata. Mwaka 1905 na 1906 msafara wa Kiswidi ulioongozwa na Yngve Sjöstedt ulikusanya wanyama Kilimanjaro, Meru na nyika za Wamasai zinazoizunguka milima hiyo. Buibui wa msafara huo waliandikwa na Albert Tullgren, kazi yake ikatoka mwaka 1910. Mwaka 1925 Roger de Lessert wa Geneva, katika mfululizo wake kuhusu buibui wa Kilimanjaro na Meru, alitoa sehemu nzima ya warukaji peke yao.

Baadaye zikaja kazi za kupitia upya jenasi moja moja. Fred Wanless wa London alizipitia Portia na Myrmarachne mwaka 1978. Wanda Wesołowska wa Poland aliipitia Heliophanus mwaka 1986, na mwaka 2000, pamoja na Anthony Russell-Smith, akachapisha kazi kubwa kuhusu warukaji wa Hifadhi ya Mkomazi. Kwa anayefanya kazi kaskazini mwa Tanzania, hiyo ya Mkomazi ndiyo ya kuanza nayo, maana michoro yake ni mingi na makazi yaliyochunguzwa yanafanana na nyika yetu ya chini.

Sampuli za msingi, yaani zile ambazo jina la spishi limefungwa kwazo kisheria, kwa sehemu kubwa ziko kwenye makumbusho ya Ulaya. Maelezo ya kale yako kwa Kijerumani na Kifaransa. Kwa hiyo mtafiti wa Arusha hulinganisha buibui wake na michoro, na mchoro unaosema kweli ni ule wa via vya uzazi.

3. Ukutani: spishi tatu, sura sita

Tuanze na wale wa majumbani, ambao wameenea mijini karibu kote kwenye nchi za joto. Wa kwanza ni Menemerus bivittatus. Ni bapa, wa kijivu, mwenye vinyweleo vingi. Jike ana mistari miwili myeusi kandokando ya tumbo. Dume ana mstari mweusi katikati. Wa pili ni Plexippus paykulli, mkubwa zaidi. Dume ni mweusi mwenye mstari mweupe unaoanzia usoni hadi tumboni, na madoa mawili meupe karibu na mwisho wa tumbo. Jike ni wa hudhurungi, rangi zake zimefifia. Wa tatu ni Hasarius adansoni, mdogo kuliko hao. Dume ni mweusi mwenye wekundu kuzunguka macho na mwezi mchanga mweupe mbele ya tumbo. Jike ni wa kahawia, hana urembo wowote.

Anayepanga kwa rangi atapata makundi sita, kumbe spishi ni tatu. Hata wataalamu wa karne ya 19 waliingia kwenye mtego huo, na ndiyo maana baadhi ya spishi zina majina mengi yaliyofutwa: dume alipewa jina lake, jike lake, na mtoto lake. Buibui mchanga ni tatizo kubwa zaidi. Hajaota via vya kumtambulisha, na mara nyingi huvaa rangi za jike. Kama hakukusanywa pamoja na wakubwa wake, tumwandike kwa jina la jenasi.

4. Mla mbu ni yupi?

Kosa la utambuzi lina gharama. Kuna mrukaji mmoja aliyepata sifa duniani kote kwa kupenda mbu walioshiba damu, Evarcha culicivora. Alipewa jina na Wesołowska na Robert Jackson mwaka 2003, kutokana na kazi iliyofanyika Mbita, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria. Mwaka 2005 Jackson na wenzake walionyesha kwamba buibui huyu huchagua mbu jike aliyenyonya damu, na hivyo kuipata damu ya binadamu na wanyama bila kuwauma. Kazi ya mwaka 2011 ilionyesha kuwa huvutwa hata na harufu ya soksi zilizovaliwa.

Habari kama hiyo ikisikika, kila mrukaji wa kahawia ukutani Arusha hugeuka kuwa askari wa malaria. Lakini Evarcha culicivora anajulikana kutoka ukanda wa Ziwa Victoria, Kenya na Uganda. Wekundu wake wa usoni hautoshi kumtaja, maana tumeona hapo juu kwamba Hasarius dume naye ana wekundu kuzunguka macho. Jenasi ya Evarcha yenyewe ina spishi nyingi, nyingine zinakula chochote kinachopita. Tabia iliyothibitishwa kwa spishi moja haihamishwi kwa jirani yake kwa sababu tu wanafanana. Mwalimu anayewaambia wanafunzi kwamba buibui wa bwenini wanapunguza malaria, aonyeshe kwanza palpi ya buibui huyo, yaani kiungo kidogo cha kando ya mdomo ambacho dume hukitumia kupandishia.

5. Heliophanus: weusi wanaofanana

Mfano wa kufanyia mazoezi ni Heliophanus. Ni wadogo, weusi, wanang'aa juani, na majike wengi wana palpi za manjano zinazochezacheza mbele ya uso. Barani Afrika spishi zake ni nyingi, na mmoja wao, Heliophanus kilimanjaroensis, jina lake latoka mlima jirani. Ukiwatazama kwa macho utasema ni mmoja. Madoa meupe ambayo mtu angeyategemea ni magamba tu. Brashi ikiyagusa yanang'oka, na spiriti ikiingia mng'ao unabadilika.

Weka dume chini ya hadubini, umlaze ubavu, utazame palpi kuanzia shinani. Kwenye paja la palpi kuna pembe iliyochomoza, na kwa spishi nyingi imegawanyika matawi. Tazama urefu wa kila tawi na jinsi lilivyopinda. Kisha panda hadi kwenye ugoko wa palpi, uhesabu miiba yake. Malizia kwenye balbu, uone mwiba mwembamba wa kupitishia mbegu unaanzia upande gani na unaishia wapi. Mambo hayo matatu yakikubaliana na mchoro, una jina. Yakikubaliana mawili tu, huna.

Viungo hivi vinatofautiana hivyo kutokana na kazi yake. Dume hudondosha mbegu kwenye kiutando kidogo, akaifyonza kwa palpi, kisha akaiingiza kwenye epijine, yaani kiungo cha uzazi cha jike. Umbo la viungo hivyo hubadilika haraka spishi zinapoachana, ilhali rangi ya mwili inaweza kubaki ileile. Kwa jike, epijine hukatwa kwa uangalifu, husafishwa kwa asidi ya laktiki au potasiamu haidroksaidi, kisha hutazamwa kutoka ndani ili mirija yake ionekane.

6. Waigao chungu

Kundi la Myrmarachne hutatiza kwa njia nyingine. Mwili umebanwa kiunoni, miguu ya mbele huinuliwa na kuchezeshwa kama vipapasio, na buibui hutembea kwa mwendo wa chungu. Nchini Ghana Malcolm Edmunds alihusisha Myrmarachne foenisex na chungu waitwao majimoto. Myrmarachne melanotarsa wa ukanda wa Ziwa Victoria huishi kwa makundi, jambo la nadra kwa warukaji. Dume aliyekomaa ana taya ndefu zilizochomoza mbele, hata anaonekana kama chungu aliyebeba mzigo, jike hana.

Kumbukeni kwamba mfanano na chungu fulani hauthibitishi undugu. Spishi mbili zisizo karibu zinaweza kumwiga chungu mmoja, na wachanga wa spishi moja wanaweza kuiga chungu tofauti na wazazi wao. Aidha, mwaka 2016 Jerzy Prószyński aliigawa Myrmarachne katika jenasi kadhaa, kwa hiyo majina mengi ya vitabu vya zamani yamehama. Juu ya ngazi ya jenasi nako kumepangwa upya: mwaka 2015 Wayne Maddison aliigawa familia katika nusufamilia saba. Andikeni jina pamoja na mwandishi na mwaka, mfano Hasarius adansoni (Audouin, 1826). Mabano hayo yanaeleza kuwa spishi ilipewa jina ikiwa kwenye jenasi nyingine.

7. Utaratibu wa kazi

Kwanza ni kibali. Utafiti huombewa COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha huwezi kuokota hata buibui mmoja bila TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. TAWIRI na TANAPA zina makao makuu mjini hapa, kwa hiyo hatuna sababu ya kuruka hatua hiyo.

Pili, mpige picha akiwa hai, kwa juu na usoni, kabla ya spiriti ya asilimia 70 hadi 80. Tatu, weka karatasi ya maelezo ndani ya kichupa, kwa penseli: mahali, mwinuko, tarehe, makazi, njia ya kumpata, jina la mkusanyaji. Mwinuko usisahaulike. Kutoka Arusha mjini, yapata mita 1,400, hadi kilele cha Meru kilichopita mita 4,500, tunapita migomba na kahawa, msitu wa mlimani, vichaka vya juu na majivu matupu. Sampuli iliyoandikwa "Meru" pekee haimwambii mtu chochote.

Nne, tumia njia zaidi ya moja. Wa vichakani huanguka ukipiga matawi juu ya shuka jeupe. Wa majani makavu hupatikana kwa kuchekecha. Wa ardhini kwa vikombe vilivyofukiwa. Tano, kama mnapeleka mguu mmoja kupimwa vinasaba, hifadhini mwili uliobaki. Kipande cha jeni ya COI kinasaidia kuunganisha dume, jike na mtoto, lakini kikitoka kwa sampuli isiyotambuliwa kwa umbo hakina jina la kuambatana nalo.

8. Mapendekezo

Napendekeza tuanzishe mkusanyiko wa marejeo hapa Arusha, katika taasisi itakayokubali kuutunza, ukianza na spishi za ukutani na Heliophanus, dume na jike wa kila spishi, kila moja na mchoro wa via vyake. Shule na vyuo vichangie sampuli zenye maelezo kamili tu. Fasihi ya kale isiwe kisingizio, kwani orodha ya Bern huwapa waliojiandikisha machapisho hayo bila malipo.

Na katika ripoti zetu, anayeona rangi tu aandike Heliophanus sp. Atakayekuja baadaye na hadubini atalikamilisha jina. Jina la kubahatisha litamlazimu kwanza alibomoe.