Kiwanja cha Mtaa ni Mali ya Wote



Mtu akiona kiwanja kitupu kati ya nyumba za mjini hudhani kuwa ni ardhi iliyobaki bure. Sivyo. Kiwanja kile kina kazi zake: watoto hukichezea, upepo hupita, na maji ya mvua huzama ardhini badala ya kuingia nyumbani mwa watu. Mwezi wa Aprili 2024, mafuriko ya Nairobi yalipoondoa roho za watu, tulikumbushwa kwamba maji hayazami katika saruji wala lami.

Utazameni mtaa wa Kaloleni, Nairobi. Ulijengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya Waafrika, waliotengwa na sehemu nyingine za mji. Utengano ule ulikuwa dhuluma. Lakini mpango wa nyumba ulikuwa na maarifa. Ulifuata mawazo ya Mwingereza Ebenezer Howard, aliyeandika mwaka 1898 kwamba yafaa uzuri wa mji na uzuri wa shamba ukutanishwe. Nyumba zisizo za ghorofa zilizunguka viwanja vya majani, hata mama akiwa mlangoni pake aliweza kumwangalia mtoto wake akicheza.

Miaka ilipopita, vibanda na vyumba vya kuongezea vilimega viwanja vile. Kila mmoja alichukua hatua chache tu. Haba na haba hujaza kibaba. Na haba na haba vile vile hukimaliza.

Basi tufanyeje? Kwanza, tujue mipaka. Wazee wa mtaa waende katika ofisi ya ardhi, waulize kiwanja kimeandikwaje, na watu wote waonyeshwe mawe ya mpaka. Kiwanja kisichojulikana mwenyewe ndicho kinyakuliwacho.

Pili, tupande kwa akili. Mringaringa ni mti wa nchi yetu, na kivuli chake ni kipana. Mkaratusi hunywa maji mengi. Haufai karibu na nyumba. Njia ziwekwe pale miguu ya watu imekwisha kuzichora, kwani ukiziweka kwingine watu watayakanyaga majani.

Tatu, maji ya mapaa yaongozwe kwa mifereji mifupi mpaka kwenye mashina ya miti. Maganda ya jikoni yafukiwe shimoni yawe mbolea, na majani makavu yatandazwe chini ya miti ili udongo usikauke upesi.

Nne, iwepo kamati, zamu ya kazi, na daftari la fedha lililo wazi kwa kila mtu. Wala tusimfukuze mama auzaye mboga. Yeye naye ni jirani yetu. Atengewe mahali pembezoni, naye atakuwa mlinzi wa kiwanja mchana kutwa.

Labda mtu atasema, "Sisi wadogo tutawezaje kuwazuia wakubwa?" Mwaka 1989 ilikusudiwa jumba la ghorofa 60 lijengwe katika Uhuru Park. Wangari Maathai alipinga kwa barua na kwa maneno, akatukanwa hadharani, asinyamaze. Jumba lile halikujengwa. Yeye alianza peke yake; ninyi ni mtaa mzima.

Atakayezaliwa kesho hawezi kuja mkutanoni leo kudai mahali pake pa kuchezea. Hapana budi sisi tumdaie.