Tulikagua Hoteli za Barabarani kwa Daftari

(Mazungumzo ya afisa elimu ya watu wazima na wahitimu wa kisomo)

 

Leo nataka tuzungumze juu ya chakula cha barabarani. Barabara yetu hii ya Morogoro kwenda Dodoma ina hoteli nyingi. Nikisema hoteli sina maana ya nyumba za kulala wageni. Nina maana ya hizi za mama lishe, zenye mabenchi na turubai, ambako mabasi na malori ya mahindi ya Kibaigwa husimama.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka juzi nilikuwa safarini, nikaingia hoteli moja nzuri. Kuta zilikuwa na rangi mpya, meza zina vitambaa, redio inaimba. Nilikula wali, maharage na kachumbari. Nikasifu. Usiku ule nilikwenda chooni mara nyingi, nikaacha kuhesabu. Siku tatu sikwenda kazini. Mimi niliyesoma chuo cha ualimu! Nilitazama rangi ya ukuta, sikutazama jikoni.

Ndiyo maana mwezi uliopita tulifanya ile kazi ya darasa. Wale ambao hawakuwapo wasikilize. Tulikuwa watu wanane. Tulikwenda hoteli nne za hapa kituoni, kila mtu na daftari lake. Kwanza tuliomba ruhusa, maana hatuwezi kuingia jikoni mwa watu kama askari. Tuliandika maswali matatu tu. Maji yanatoka wapi? Sahani zinaoshwaje? Chakula hiki kimepikwa saa ngapi?

Hoteli ya kwanza ndiyo kubwa kuliko zote. Mbele pamefagiliwa vizuri. Nyuma tulikuta beseni moja. Msichana alizamisha sahani, akazitoa, akazifuta kwa kitambaa kilekile cha kufutia meza. Mwenzetu mmoja alihesabu sahani zaidi ya ishirini katika maji yale yale, mpaka yakawa na rangi ya mchuzi. Kando palikuwa na wali wa jana, unangoja kupashwa moto.

Sasa hapo kwenye wali tusimame kidogo, maana wengi tunakosea. Tunasema, "Si utapashwa moto?" Ndugu zangu, chakula kilichopikwa kikipoa na kukaa zaidi ya muda wa saa mbili, vijidudu huanza kuzaana humo. Vingine huacha sumu ambayo moto hauiondoi. Wali ni mmoja wa vyakula vya namna hiyo. Kwa hiyo wali uliolala nje usiku kucha ukiutia moto, unakuwa wali wa moto wenye sumu.

Hoteli ya pili na ya tatu sitazieleza sana. Zilikuwa za kati.

Ya nne haina hata ukuta. Ipo chini ya mwembe, sufuria tatu tu. Wengi wetu tulikuwa tukimdharau yule mama kwa sababu chakula chake huisha mapema. Kumbe anapika kidogo makusudi ili kisilale. Ana beseni la sabuni na beseni la kusuuzia. Sahani zake zinakauka juani juu ya kichanja, hazifutwi na kitambaa. Ana kibuyu chirizi cha kunawia, unakanyaga kijiti maji yanachirizika, hushiki kitu. Maji ya kunywa ameyachemsha, yamo katika ndoo yenye mfuniko na koki. Mwaka 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam kikaenea mikoa mingi. Yeye anasema tangu wakati ule hajaweka maji mabichi mezani.

Sasa nije kwenye jambo gumu. Moja ya hizi hoteli za kati ni ya mwenzetu wa darasa hili, na yupo hapa. Ameniruhusu niseme. Siku ile tuliporudi kusoma tulichoandika, watu walinyamaza. Nani atamwambia? Mwisho bibi mmoja akasema, "Mwanangu, kachumbari yako inakatwa asubuhi, inakaa na nzi mpaka mchana. Mimi nisingempa mjukuu wangu."

Mwenzetu alikasirika. Akasema, "Mnataka kuniharibia riziki. Mnasema niongeze maji, ninyi mnayateka bure?" Na hapo alikuwa na haki. Maji ananunua, kuni ananunua. Ni rahisi kumhukumu mtu usiyejua matumizi yake.

Basi tukachukua kalamu. Ndoo moja hapa kituoni ni shilingi 500. Ndoo mbili zaidi kwa siku ni shilingi 1,000. Sahani ya wali kwa maharage anauza shilingi 2,000. Yeye mwenyewe alipiga hesabu ubaoni: nusu sahani. Akaitazama. Akasema, "Na kuni za kuchemshia maji?" Tukapiga tena. Kuni zilikuwa nyingi kuliko tulivyodhani, nasi hatukuficha. Kwa maji ya kunywa tulimshauri dawa ya klorini ya dukani, afuate vipimo vilivyoandikwa kwenye pakiti. Sasa anajua kusoma, hahitaji kuuliza mtu.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wazazi wetu walikaa katika vikundi kama hiki, wakasikiliza redio, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Naamini na wao walikasirikiana.

Jumanne iliyofuata mwenzetu hakuja darasani. Nikaogopa kwamba tumempoteza. Jumanne ya pili akaja, akakaa nyuma. Kachumbari sasa anaikata mteja akiwa amekwisha kukaa. Beseni la pili amenunua. Kitambaa cha meza na cha sahani bado ni kimoja, nilikiona jana nilipokula kwake, na nimemwambia.